UZI: Windows 10 imeachwa, saiba ina mashine sita. Nihame lini?

Saiba_Kondele

Habari zenu wadau. Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Kazi ni zile mnazozijua: kuchapa, kopi, iTax (kodi), eCitizen (huduma za serikali), fomu za HELB (mikopo ya wanafunzi), picha za pasipoti. Mashine ni sita na zote ziko Windows 10. Tangu Microsoft waache kuihudumia Oktoba 2025, kuna ukurasa unaofunika skrini nzima asubuhi moja moja ukinihimiza niende Windows 11. Wateja wanausoma nikiwa nimekaa, wengine wanauliza kama ni virusi.

Fundi mmoja amenipa bei ya kuzihamisha zote sita kwa wikendi moja. Mwingine anataka niziuze nichukue nyingine. Jirani yangu wa M-Pesa anasema mradi zinawaka na zinaprinti, nitulie.

Namna ya kuhama naweza kuitafuta mwenyewe. Kinachonishinda ni wakati. Mtu anajuaje kwamba sasa ndiyo saa ya kubadilisha mfumo endeshi, asiharakishe na asichelewe?

Mashine zenyewe: desktopu tatu za HP zenye i5-4570, laptopu mbili za EliteBook 840 G3 zenye i5-6300U, na ThinkPad T480 yenye i5-8250U. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kaunta, ina hesabu zangu zote na eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA.

---

Mzee_wa_Kibuye

Kijana, tulia. Dukani kwangu kuna Windows 7 tangu zama hizo na inaprinti risiti za vipuri kila siku. Pikapu yangu ina umri kuliko nusu ya mafundi wa humu na bado inapanda Nyabondo na mzigo. Watu wa kompyuta wakitaka pesa yako wanakwambia ulicho nacho kimeoza.

---

Fundi_Section58

Heshima kwako mzee, lakini pikapu yako haishambuliwi na mtu aliyeketi Pyongyang. Kompyuta inashambuliwa.

Niko Nakuru, kazi yangu ni hii, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo. Saiba, swali lako ni zuri kwa sababu wengi huuliza "ipi bora" badala ya "lini". Kabla ya lini, tenganisha vitu viwili ambavyo watu huviita kwa jina moja la "apdeti". Kuna kiraka, kile kinachokuja kila Jumanne ya pili ya mwezi kuziba matundu ya usalama. Na kuna toleo, yaani mfumo wenyewe kubadilika: 10 kwenda 11, au ndani ya 11, 24H2 ya mwaka 2024 kwenda 25H2 ya 2025. Kiraka hakingoji. Toleo linangoja.

Mei 2017 WannaCry iliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai fidia kwa Bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hata upasuaji. Marekani na Uingereza baadaye ziliinyooshea kidole Korea Kaskazini, ndiyo maana nimetaja Pyongyang. Sehemu ambayo watu huiruka wakisimulia kisa hiki ni kwamba kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi 14, miezi miwili kabla. Na mashine nyingi zilizoanguka zilikuwa Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, maana iliachwa Januari 14, 2020. Hazikuanguka kwa uzee. Zilianguka kwa sababu wenyewe walibonyeza "baadaye" mpaka baadaye ikafika.

Sasa upande wa pili. Oktoba 2, 2018 Microsoft walitoa toleo la 1809 la Windows 10. Baadhi ya waliokimbilia siku zile za kwanza waliamka wakakuta mafaili yao ya nyaraka na picha yamefutika. Siyo virusi, ni toleo lenyewe. Kampuni ikalisimamisha ndani ya siku chache, ikalirudisha Novemba 13 likiwa limetengenezwa. Aliyengoja wiki sita hakupoteza kitu.

Kwa hiyo yule anayekwambia "weka kila kitu siku kinapotoka" na yule anayekwambia "usiguse" wote wamebeba nusu ya ukweli. Kwangu mimi toleo jipya linaingia kwenye mashine ya kazi pale ulilo nalo linapokaribia kuacha kupata viraka, au programu inayokulisha inapokataa kuendelea bila hilo jipya. Hayo mawili yasipokuwepo, huna haraka. Lakini wewe la kwanza limekwishatokea, na tena limekupita: Windows 10 iliachwa Oktoba 14, 2025.

---

Binti_Maseno

Fundi asante, lakini mbona hata kiraka nacho huharibu? Kile cha Oktoba 2025 si ndicho kilichofanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ukiingia kwenye ule ukurasa wa kurekebisha Windows? Na Agosti watu walisema kuna kingine kinaua SSD, zile diski zisizozunguka.

---

Fundi_Section58

Cha kibodi ni kweli kabisa. Kilitoka Oktoba 14, na Oktoba 20 wakatoa kiraka cha dharura cha kukirekebisha. Ndiyo sababu nikasema kiraka hakingoji, ila mimi mwenyewe kwa mashine za wateja huwa naacha wiki moja hivi ipite. Windows inakuruhusu kusimamisha viraka hadi wiki tano. Tumia moja, nne zibakie akiba.

Cha SSD ni hadithi tofauti. Phison, watengenezaji wa chipu zilizokuwa zikilaumiwa, walisema walifanya majaribio ya zaidi ya saa 4,500 wasiuone ugonjwa huo, na Microsoft nao wakasema hawakupata uhusiano. Lakini mpaka leo kuna mtu Free Area hapa hataki kuweka kiraka chochote kwa sababu ya video moja aliyotumiwa WhatsApp.

---

Mzee_wa_Kibuye

Sawa, lakini yangu haina intaneti. Inaprinti risiti tu.

---

Fundi_Section58

Kama kweli haina intaneti, mzee, sina ugomvi nawe. Mashine isiyounganishwa, inayofanya kazi moja, ikae hata Windows XP. Hatari yake inabaki kwa flashi. Ila hakikisha kijana wa duka hajaiunganisha na hotspoti ya simu yake. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni ya 109, mwanzoni mwa 2023. Kuanzia hapo kivinjari hakipati viraka, na benki ukiingilia hapo unaingia ukiwa uchi.

---

Mzee_wa_Kibuye

Nimemuuliza. Anasema ni ya kutazama mpira tu.

---

Mwalimu_Lurambe

😂 Mzee, pole.

Nami nina la kuongeza kwa sababu hali ya shule haifanani na ya saiba. Niko shule ya sekondari Kakamega, maabara yetu ina tarakilishi za msaada, nyingi zilikuja zikiwa tayari zimezeeka. Kila mtu akija hapa anatuambia tuweke Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, itakuwa nyepesi na bure. Ni kweli. Lakini mtahiniwa wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) wa somo la kompyuta anakaa mbele ya mashine kwa karatasi ya pili, ile ya vitendo, na huko anatengeneza hifadhidata na lahajedwali. Tumefundisha kwa Access na Excel tangu kidato cha kwanza. LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, ina Base ya hifadhidata, naijua, lakini siwezi kumbadilishia mtoto chombo katikati ya kidato cha nne.

Kwa hiyo "lini" yangu inaamuliwa na kalenda ya KNEC, baraza la mitihani, kuliko ya Microsoft. Muhula wa tatu hakuna kinachoguswa. Likizo ya Aprili ni fupi mno. Ukikwama, wanafunzi wanarudi maabara ikiwa imelala. Desemba ndiyo nafasi pekee yenye pumzi: mtihani umekwisha, na kuna wiki kadhaa za kurekebisha yatakayoharibika. Na yataharibika, haswa printa.

Jambo jingine wenzangu walimu wa somo hili mlione mapema: Microsoft wametangaza kwamba Publisher, programu yao ya kupanga machapisho, itaachwa Oktoba 2026. Wanaofundishia uchapishaji humo waanze kupanga sasa, kwa sababu mtoto aliye kidato cha tatu atafika mtihani ikiwa haihudumiwi tena.

---

Saiba_Kondele

Mwalimu, hilo la kalenda limenigusa. Kwangu msimu ni Juni. Tarehe 28, 29, 30 foleni inafika barabarani. Mtu anakuja na P9 (karatasi ya mshahara na kodi aliyokatwa) imekunjwa mara nne, nenosiri la iTax amesahau, barua pepe iliyosajiliwa ilifunguliwa na saiba nyingine ambayo ilishafungwa. Mashine moja ikilala siku hizo nimepoteza kodi ya nyumba.

Fundi, rudi kwa mashine zangu. Nani anahama, nani anabaki?

---

Fundi_Section58

Soma namba ya prosesa. Kwa Intel, tarakimu ya kwanza baada ya ile alama ya kistari ndiyo kizazi, au mbili za kwanza kama namba ina tarakimu tano zinazoanza na 1: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Windows 11 rasmi inaanzia cha 8 kwa Intel, na kwa AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Juu ya hapo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI (programu ya kuwasha mashine iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani) yenye Secure Boot, ramu ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Usidanganyike na GB 4. Ukiweka 11 kwenye GB 4 na diski ngumu ya kuzunguka, mteja wako atalipia muda wa kusubiri ukurasa ufunguke. GB 8 na SSD, la sivyo usianze.

Kwa hiyo kati ya sita zako, inayokubalika ni moja: T480. Fundi aliyekuahidi zote sita kwa wikendi moja anapanga kuruka ukaguzi. Muulize atatumia njia gani, na muulize mbele ya mtu mwingine.

Kabla ya kuamini namba ya modeli, angalia mashine yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, halafu soma mistari miwili: ule wa prosesa, na ule wa BIOS Mode. Ukiona neno Legacy badala ya UEFI, basi hata kama prosesa inakubalika, diski lazima igeuzwe kwanza kutoka mpangilio wa zamani wa MBR kwenda ule mpya wa GPT. Windows ina chombo chake cha kazi hiyo, mbr2gpt, na hakifuti data, lakini mimi sikigusi kabla sijatoa nakala. Kisha Windows na R tena, tpm.msc, uone kama TPM ipo na ni 2.0. Laptopu nyingi zinazoletwa kutoka Uingereza zina TPM ila imezimwa kwenye BIOS, na muuzaji anakwambia haina.

---

Binti_Maseno

Mimi nina hiyo hiyo 840 G3, nimeinunua kwa akiba yangu ya HELB, nimebakiza muhula mmoja. Rafiki yangu ameweka 11 kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia, inaruka ukaguzi wote, na inafanya kazi vizuri tu. Kwa nini nisifanye hivyo leo?

---

Fundi_Section58

Itafanya kazi, dada, sitakudanganya. G3 ina nguvu ya kutosha. Shida ni kwamba Microsoft wameandika wazi kuwa mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kupata viraka. Leo inavipata. Kesho ni hisani yao. Na yale matoleo ya kila mwaka hayaji yenyewe. Itabidi urudie mchezo wa flashi kila mara. Tena kuna mlango uliofungwa kabisa: kuanzia 24H2, prosesa isiyo na maagizo ya SSE4.2 haiwaki hata kidogo. Yako haiko huko, ni zile za enzi ya Core 2 Duo, lakini inaonyesha kwamba hisani hukatwa.

Nawe una tasnifu. Umebakiza muhula. Sioni kitu kwenye Windows 11 kitakachokupa alama. Sajili mashine kwenye ule mpango wa viraka vya nyongeza, maliza, wasilisha, ndipo uchezee.

---

Omwami_Bungoma

Huo mpango ueleze vizuri, maana watu wengi huku wanadhani Oktoba ilikuwa ndiyo mwisho kabisa.

---

Fundi_Section58

Unaitwa ESU. Kwa mtu binafsi unakupa viraka vya usalama vya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026. Lazima uwe kwenye 22H2, toleo la mwisho la Windows 10. Andika winver uone. Unalipa dola 30, au unapata bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kiungo cha kujisajili kiko palepale kwenye Windows Update. Akaunti moja inabeba hadi mashine 10. Hakuna kipya unachopewa, ni viraka tu.

---

Nakuru_Wakili_Mdogo

Samahani nikatize. Huo wa dola 30 na wa bure ni wa matumizi binafsi. Saiba ni biashara. Kwa biashara bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na inazidishwa mara mbili kila mwaka, kwa miaka mitatu. Kwa shule ni nafuu sana: dola 1, halafu 2, halafu 4 kwa mashine. Mwalimu wa Lurambe ashike hapo.

---

Fundi_Section58

Umesema kweli na nimekubali. Saiba, hesabu basi: mashine tano mara dola 61 ni dola 305, kununua miezi michache tu. Kwa pesa hiyo unaanza kubadilisha vyuma. Kwa hiyo ESU ya biashara haikufai hata kidogo.

---

Mwalimu_Lurambe

Dola 1 kwa mashine! Nitampelekea bwana mkubwa kesho asubuhi kabla ya gwaride. Asante wakili.

---

Omwami_Bungoma

Nilikuwa nangoja tufike hapa. Saiba, zile desktopu tatu, weka Linux Mint. Usiniangalie hivyo. Mteja anayekuja kwako anafungua nini? Kivinjari. eCitizen, TSC, KUCCPS, barua pepe, YouTube. Hajali nyuma yake kuna nini. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na inahudumiwa hadi 2029. i5-4570 yenye GB 8 itakimbia. Printa nyingi inazitambua zenyewe ukichomeka tu.

Na kwa swali lako la lini, hata huku tuna nidhamu hiyo hiyo. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 25, 2024, lakini waliokuwa kwenye 22.04 hawakupewa taarifa ya kuhama mpaka 24.04.1 ilipotoka mwisho wa Agosti. Watengenezaji wenyewe wanakwambia ungoje. Sasa wewe mwenye saiba unakimbilia wapi?

---

Saiba_Kondele

Omwami, na ile fomu ya KRA ya Excel yenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya faili? Wateja wa biashara wananiletea.

---

Omwami_Bungoma

Hapo nakubali, LibreOffice na makro za Excel hawaelewani vizuri. Hizo zifanyie kwenye mashine ya Windows. Ndiyo maana nimesema tatu, sijasema sita.

---

Rangi_Eldoret

Watu wa Mac msinitenge. Mimi ni mbunifu wa mabango. Apple hutoa toleo kila mwaka karibu Septemba, na Tahoe, yaani macOS 26 iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Kawaida yao ni kuhudumia kwa viraka matoleo matatu ya karibuni. Kwa hiyo mimi hubaki toleo moja nyuma, nahama mwaka unaofuata, baada ya kuona programu zangu za kuchora zimethibitishwa na watengenezaji wake. Sijawahi kukosa kazi kwa kukosa toleo jipya.

---

Mama_Pipeline

Mnazungumza kuhusu lini na mimi nataka kuwaonya kuhusu nani. Hapa Nakuru fundi mmoja, simtaji, alimwekea binti yangu Windows 11 upya kabisa. Ikawaka vizuri. Miezi ikapita, mashine ikapelekwa kwa mwingine kubadilishiwa kitu kwenye BIOS, ikaanza kudai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski) wa tarakimu 48. Kumbe yule wa kwanza alitumia akaunti yake mwenyewe ya Microsoft kusakinisha. Ufunguo uko kwake, naye simu haishikwi. Picha za harusi zimo ndani.

---

Fundi_Section58

Pole sana mama. Hili ni la muhimu kuliko yote niliyoandika. Tangu 24H2, ukisakinisha upya kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi hujifunga kwa usimbaji zenyewe bila kukuuliza. Ni kitu kizuri ikiibiwa kwenye matatu ya Naivasha. Ni balaa kama akaunti si yako. Sheria yangu: akaunti inaandikwa na mwenye mashine, kwa simu yake mwenyewe ikiwa mkononi mwake, na siku hiyo hiyo tunaingia kwenye akaunti yake, tunaufungua ukurasa wa funguo za BitLocker, tunachapisha karatasi mbili. Moja kwake, moja kwa mtu anayemwamini. Mama, nenda hadi kwa yule fundi na mwenyeji wa mtaa kama lazima. Kwenye akaunti yake ile mashine itaonekana kwa jina, ni dakika chache tu.

Saiba, ukihama T480 ukiwa ndani ya Windows 10, bila kufuta, mambo huwa tulivu zaidi. Lakini bado chapisha.

---

Mdau_Nyalenda

Na stima? Huku kwetu inaweza kwenda saa yoyote. Ikikatika katikati ya kuhama inakuwaje?

---

Fundi_Section58

Windows mara nyingi hujirudisha ilikokuwa ikiwaka tena, ila "mara nyingi" si neno la kuwekea kazi ya watu. Laptopu yenye betri nzuri haina shida. Desktopu bila UPS mimi siianzi jioni yenye mawingu. Na msipakue kila mashine peke yake: faili la Windows 11 ni zaidi ya GB 5, mara mashine kadhaa ni bando la mwezi. Pakua mara moja kutoka tovuti ya Microsoft, weka kwenye flashi ya GB 16, fungua setup ukiwa ndani ya Windows, chagua kubakiza mafaili na programu. Laptopu za kizazi cha 8 zilizokuja na Windows halisi huwa na leseni yake ndani ya BIOS, hutaulizwa namba. Wale wanaotumia zile programu za kuvunja leseni, nazo mara nyingi huzima Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza ili zifanye kazi, kwa hiyo viraka unaviweka mlangoni na dirisha umeliacha wazi.

Ukishahama una siku 10 za kurudi nyuma, halafu folda ya Windows.old inafutwa. Siku hizo usizipoteze kwa kutazama rangi. Siku ya kwanza printi kila aina ya karatasi unayoprinti, skani, fungua hesabu, toa ankara ya eTIMS ya kweli. Kama eTIMS yako ni ile ya kusakinishwa kwenye mashine, siyo ya kwenye kivinjari, nakala yake itoke kabla hujagusa chochote.

---

Saiba_Kondele

Nimekaa na daftari. Nisahihisheni.

Desktopu moja nimeshaiweka Mint wiki hii, iwe ya wateja wa kivinjari, nione malalamiko. Wakizoea, nyingine mbili zinafuata kabla ya Juni. G3 mbili nauza sasa, kwa wanafunzi, nikiwaambia ukweli kuhusu kizazi cha 6, na pesa hiyo inaongezewa nipate laptopu moja ya kizazi cha 8 au zaidi. T480 inahama Julai, baada ya msimu wa KRA.

---

Fundi_Section58

Yote sawa isipokuwa T480. Hiyo iko kwenye Windows 10 bila viraka tangu Oktoba, ndiyo yenye hesabu na nywila zako, nawe unataka kuipeleka hivyo hadi Julai? Desktopu ya wateja ikipata mdudu unafomati. Hii ikipata mdudu umekwisha. Ihame kwanza. Una PAYE, ile kodi ya mishahara?

---

Saiba_Kondele

Wafanyakazi wawili, ndiyo. Tarehe 9. Na VAT tarehe 20.

---

Fundi_Section58

Basi ni baada ya 20, kabla ya mwisho wa mwezi, mwezi huu huu. Anza Jumamosi mchana ukiwa umefunga, Jumapili ya kupima, Jumatatu wateja. Nakala kamili ya diski kwenye diski ngumu ya nje, na uichomoe kabla hujaanza. Nenda moja kwa moja 25H2, maana 24H2 yenyewe inaachwa Oktoba 13, 2026 kwa Home na Pro. 25H2 inakupeleka hadi Oktoba 2027. Na mpigie aliyekuuzia printa umuulize draiva ya 11 kabla ya Jumamosi, siyo Jumatatu ukiwa na foleni.

---

Saiba_Kondele

Printa ya kopi ina draiva, nimeiona kwenye tovuti yao. Ile ndogo ya pembeni haina, ya mwisho ni ya Windows 7.

---

Omwami_Bungoma

Ndogo ichomeke kwenye ile ya Mint uone.

---

Saiba_Kondele

Ngoja.

Imeprinti. Omwami, nakudai samaki au wewe unanidai?

---

Omwami_Bungoma

Wewe ndiwe unayedaiwa, tena wa Dunga, mkavu.

---

Mdau_Nyalenda

Saiba, ukishapakua hiyo 25H2 naomba nikopi. Bando langu haliwezi.

---

Saiba_Kondele

Njoo Jumatatu jioni na flashi ya GB 16, iwe tupu. Ya GB 8 usilete, na usilete ile uliyoletea CV mara ya mwisho, ilikuwa na mdudu.